Vyura wa Bwawa la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya vinasaba yametoka. Vyura wote wa kinamasi chetu ni ukoo mmoja – mtu na binamu yake, binamu na shangazi yake! Tangu barabara ya lami ipite upande huu na nyumba zijengwe upande ule, hakuna chura mgeni aliyeingia. Ndiyo maana mayai yanageuka meupe na kuoza. Leo katika mayai mia yameanguliwa kumi na tisa tu. Mkuu wa maabara anasema bila damu mpya, miaka michache, kwisha.

Jumatano, 6 Machi
Damu mpya ipo. Mkuu kapekua sampuli za zamani: bwawa namba saba, vyura wa aina ileile, vinasaba mchanganyiko, wazima kabisa. Akauliza kama namjua mwenye bwawa. Nikasema namjua. Basi.
Ni mama mkwe wangu. Sampuli zile tulichukua mimi na marehemu mume wangu, mwaka tuliooana. Bado namwona: kakunja suruali hadi magotini, kashika ndoo, ananicheka – chura kaniponyoka mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi
Sikufanya kazi ya maana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimempigia wifi. Kumbe uko hai, akasema. Miaka mitatu! Sina pa kujitetea. Siku ya tatu baada ya mazishi mama mkwe aliniomba nikae naye walau wiki iishe. Nikasema kazi inanisubiri. Uongo. Nilishindwa tu kukaa kwenye nyumba ambayo kila mtu ana pua ya marehemu. Mama akasema niende basi kwa vyura wangu. Nikaenda.
Nimemkumbuka yule mama jamani. Hata kufokewa naye natamani.
Wifi anasema shemeji alitaka kulifukia bwawa, ajenge banda la kuku. Mama kakataa katakata. Hasemi kwa nini.

Jumanne, 12 Machi
Barua ya kuomba ruhusa iko tayari. Vyura kumi na wawili, madume sita, majike sita. Mkuu anasema ni kazi ndogo. Ndogo!

Jumamosi, 16 Machi
Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma, kwa mama. Nilifika saa nne asubuhi. Kafungua mlango, kanitazama juu mpaka chini, mimi na ndoo yangu.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Umekonda."
Nikampa barua. Hakuifungua. Akaniuliza nimekuja kwake au kwa vyura. Nikalia palepale mlangoni. Machozi tu. Akageuka, akaingia ndani. Mlango kauacha wazi, lakini mimi nikazunguka nyuma.
Vyura wanalia huko bwawani, mchana kweupe. Mvua iko karibu. Sijui nishuke na ndoo au niondoke. Nasikia sufuria zikigongana jikoni.
Ananiita! Anauliza kama hivi viazi vitajimenya vyenyewe.