Viatu vya Nchi za Theluji na Miguu Isiyopata Joto

Mpendwa Bi Fakhriya, nakuamkia shikamoo ikiwa umenizidi miaka, na ikiwa mimi ndiye niliyekuzidi basi ipokee hivyo hivyo kwa heshima, maana naomba msaada wa ukurasa wako gazetini katika jambo nililowaficha watu wa nyumbani kwangu kwa miezi miwili na sasa linaninyima raha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minne, nilizaliwa Ng'ambo ya Unguja, nikatoka kule nikiwa kijana wa ishirini na tatu, na tangu mwaka sabini na nne nakaa Firq, nje kidogo ya Nizwa, huku Oman, na katika umri wangu wote sikujifunza gari, baiskeli ndiyo iliyonipeleka skuli nilikosomesha kule na ndiyo inayonipeleka kila ninapokwenda huku, na kila alfajiri natia udhu kwenye bomba la uani nisiwaamshe walio ndani, natia miguu viatuni, nakunja kanzu, naondoka kwenda kuswali msikiti mmoja karibu na soko la zamani la Nizwa, mwendo wa nusu saa, ambako wenzangu watatu tuliokuja pamoja hunisubiri, na baada ya sala tunakunywa kahawa na kuzungumza Kiswahili mpaka jua lipande, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo sihitaji kumfasiria mtu maneno yangu.

Mwezi wa Desemba vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, kwanza kidole gumba cha kulia, kisha vyote, hata nikawa sijui kama mguu uko juu ya pedeli mpaka niinamishe kichwa nitazame, na wewe hujui, Bi Fakhriya, kwamba marehemu kaka yangu Thani alianza hivyo hivyo, akasema ni baridi tu, kumbe ni sukari, wakamkata vidole vitatu, kisha mguu, na miaka mitatu iliyopita tukamzika Sur.

Basi nikasema ni viatu. Niliacha makubadhi nikavaa raba na mifuko ya nailoni ndani yake, haikufaa, nikavaa mabuti ya mpira wanayovaa watu wa mashambani wakifungua maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, yakawa mazito na baridi ile ile, na nilifikiria soksi za ngozi ambazo wenzetu wa madhehebu mengine hupangusa juu yake wakitia udhu, lakini sisi mguu tunauosha. Mwisho mwanangu Adil, anayefanya kazi kwenye gesi huko Sur, akamwambia mwenzake Mnorwe anayeendesha baiskeli kwao katika theluji, na yule bwana akaniagizia viatu vya baiskeli vya baridi, vyeusi, vinavyofunika kifundo, vina bitana nene na mikanda ya kunata, tone la mvua haliingii, na chini yake chuma kinachonasa kwenye pedeli maalumu. Siku ya kwanza nilisimama kwenye mzunguko wa Firq, mguu ukakataa kutoka, nikaanguka ubavu kama gunia mbele ya gereji ya Ghanim.

Ghanim akaninyanyua huku akivitazama. "Ammi, hivi umeviazima kwa nani? Vya kwendea mwezini hivi."

"Vimetoka Norwe," nikamwambia.

"Vingebaki huko huko. Wao wana theluji laini ya kuangukia."

Kuanguka si kitu, lakini kilichonivunja moyo ni kwamba ndani ya viatu vile, nikiwa nimevaa soksi mbili na mikanda nimeikaza barabara, miguu ilikuwa baridi kuliko siku zote, na hapo ndipo nilipofikiri kwamba ikiwa viatu vya watu wa theluji havinisaidii basi baridi hii haitoki nje, inatoka katika damu yangu. Binti yangu ninayekaa naye ameona jeraha la goti, akasema, "Baba, baiskeli hii nampa jirani, mimi nitakupeleka kwa gari," naye ana kazi na watoto, na najua nitakavyokuwa, nimekaa sebuleni nimevaa kofia, nangoja mtu apate nafasi. Nitafute kiatu kingine, au nikubali kwamba mguu unakwenda na baiskeli iende nao?

Mwenye miguu baridi, Firq

*

Marahaba, mwalimu. Nimekuzidi miaka miwili, kwa hiyo nina ruhusa ya kukugombeza.

Miezi miwili ya ganzi, umemzika kaka kwa ugonjwa huo, na ukaenda kumwuliza Mnorwe kabla ya daktari! Ulikuwa umeandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia siku ile ile, nikakwambia sitakujibu neno mpaka upimwe. Wasomaji hawajui ulichonijibu wiki iliyofuata, nami nakiandika hapa kwa furaha: "Bi Fakhriya, sukari hamna. Daktari kanichoma nyayo kwa pini nikampiga teke." Alhamdulillahi. Mguu unaopiga teke ni mguu mzima.

Sasa baridi yako. Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta taulo, sikuliona. Unatia udhu kwa maji ya bomba la uani mwezi wa Januari, na hapo hapo unatia miguu viatuni. Nilipokuuliza kwa simu ukaniambia bibi yako alikufunza kwamba maji ya udhu hayafutwi, yanaachwa yakauke yenyewe. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini bibi zetu walisema hayo Unguja, ambako hata ukirowa mvua utakauka kabla hujafika uendako, na miguu yako ilijifunza baiskeli huko, ndani ya makubadhi, upepo ukipita. Nizwa alfajiri upepo unashuka kutoka mlimani. Kiatu kisichoingiza maji hakitoi maji pia. Ulikuwa unayafungia ndani, ukiyazungusha nusu saa, na kwa mikanda uliyoikaza juu ya soksi mbili ukaizuia hata damu isishuke kukupasha moto. Daktari ameniunga mkono. Na nimemwuliza shekhe mmoja ninayemwamini. Amesema kujifuta hakuharibu udhu.

Kwa hiyo toka robo saa mapema, utie udhu huko huko msikitini. Ukishindwa, tia nyumbani, lakini ujifute hadi katikati ya vidole, ndipo uvae soksi za sufi, jozi moja tu, na nyingine kavu iwe mfukoni.

Viatu vya Norwe usivitupe. Mpelekee Ghanim avifungue vile vyuma vya chini na akurudishie pedeli zako za kawaida. Umri wetu si wa kufungwa kwenye chombo kinachokwenda. Ukivaa na ile jozi moja ya sufi, vidole vicheze ndani. Visipocheza, mwambie Adil abadilishe apate saizi kubwa zaidi, si vizito zaidi. Mikanda ilegeze. Hivyo viwe vya siku za mvua. Asubuhi kavu nunua buti fupi la ngozi, pana, la kuvua kwa mkono mmoja, maana utavua na kuvaa mara nyingi. Mifuko ya nailoni ndani ya kiatu basi, inakurowesha kwa jasho. Tia madigadi gurudumu la mbele, nusu ya maji ya barabarani yanatoka hapo. Kiatu kikirowa kijaze magazeti, likiwemo hili, kikauke kivulini, usikiweke mbele ya hita.

Na baiskeli usimpe mtu.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko kuchagua kiatu. Binti yako anataka kuiondoa baiskeli kwa sababu aliona goti na hakuambiwa mengine. Mwambie yote: ganzi, kaka yako, woga, kisha pini ya daktari. Mtu aliyefichwa habari mbaya ana haki ya kuwa wa kwanza kupewa nzuri.

Jina lako nimelificha kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini sijui wazee wangapi wa Firq huendesha baiskeli wakiwa na kanzu. Gazeti linatoka Alkhamisi. Zungumza naye Jumatano.