Picha Ulizosema Umeziona

Mtwapa,
Jumapili alasiri

Mum wangu mpendwa,

Hamjambo hapo Kitengela? Vumbi limetulia, au upepo bado unaliingiza mpaka kwenye sufuria? Kuku wanataga? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu ni wewe.

Baba, najua ni wewe unayesoma. Soma kwa sauti, polepole, na usiruke pahali popote, hata ukifika panapokutaja.

Jumanne kina mama wa kanisa letu walifika kwa treni kama mlivyopanga tangu mwaka jana. Nilikuwa nimeomba kazini nipewe kundi hilo mimi mwenyewe. Nilisimama stesheni na sare yangu ya kutembeza wageni, nimeipiga pasi mara mbili, nikitafuta kitambaa chako cha kijani kati ya vichwa vyote vile. Mama Wangari akanikumbatia, akasema goti limekuzuia. Nikaamini, maana goti lako nalijua.

Kesho yake asubuhi niliwapeleka Fort Jesus, wakapigana picha wamekalia mizinga. Baadaye tukaenda kulisha twiga kwa mkono. Ulimi wa twiga ulipomgusa, Mama Wangari alimwaga chakula chote na kuita jina la Yesu. Tulicheka sana. Ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka wiki hii.

Alasiri tukashuka ufukweni. Unatujua sisi watu wa bara, hakuna anayerudi nyumbani bila maji ya bahari. Kila mmoja akatoa chupa yake ya soda, akakunja sketi, akachota huku akiyakimbia mawimbi madogo yasiyofika hata magotini. Mama Wangari alikuwa na chupa mbili.

"Hii ni ya mama yako," akaniambia. "Alisema ujaze wewe na mkono yako. Anataka kuonja."

"Si angekuja aone mwenyewe?"

Akaangalia chini. "Nyambura, mama yako haoni. Ni presha ya macho. Jicho ya kushoto iliisha kabisa, hii ingine inaona tu mwangaza. Alituambia tusikwambie, ati utaacha kazi urudi."

Nilijaza chupa ile, sijui hata niliijazaje. Kisha ilibidi niwatembeze mji wa kale, na kazi yangu unaijua, ni kusema tazameni kulia, tazameni kushoto. Kila nilipofika kwenye "tazameni" niligeuka nikapenga kamasi. Wakadhani ni mafua.

Mum, miaka miwili nimekutumia picha. Mizinga, twiga, magofu, bahari wakati maji yamejaa na wakati yamekupwa. Kila picha ukanijibu kwa sauti yako, "Nimeona, mwanangu, pazuri sana." Unakumbuka mvua za mwezi wa tano? Nilipiga picha ya godoro langu lililolowa ili nimwonyeshe mwenye nyumba, ikaja kwako kwa makosa. Ukanijibu, "Bahari ni kubwa kweli, Mungu ni mkuu." Nikacheka peke yangu, nikadhani unanitania. Mtoto gani huyo asiyejua kwamba mama yake haoni?

Baba, nimekukasirikia. Ulimpeleka hospitali Kajiado, ukamtia dawa machoni kila siku, na kila nilipopiga simu ukanipa habari za kuku. Najua alikusihi. Bado nimekasirika.

Leo sitaki kutuma picha, ndiyo maana naandika. Kuta za ngome ni za mawe ya matumbawe, zinakwaruza kiganja. Mizinga huchomwa na jua ikawa moto kama sufuria. Mwani ukioza hunuka, hilo sitakuficha. Na saa sita mchana, jua likipiga maji, hata mimi nafumba macho. Mwangaza ule, Mum, huenda jicho lako la kulia likaupata. Sijui. Mama Wangari anasema nao unapungua.

Niliomba ruhusa, mkubwa wangu akasema wageni ni wengi, ningoje shule zifunguliwe. Nimemwambia nitasafiri Ijumaa hii, akiniweka kazini sawa, asiponiweka pia sawa. Nakuja kukuchukua nikulete baharini. Usiniambie habari ya goti.

Nisalimie kaka yangu kule Kimana kwenye nyanya zake, na umwambie yeye pia nina neno naye. Nisalimie shangazi wa Ngong anayeniombea mume kila Jumapili. Mama Wangari mwambie simlaumu. Baba nitamsalimia mwenyewe nikifika, hasira zikiwa zimeisha.

Chupa ile onja kidogo tu, ni chungu kwa chumvi. Na barua hii ikishasomwa, nipigie nisikie sauti yako. Lakini nakuomba, Mum, usiniambie umeona.

Ni mimi binti yako,
Nyambura