Chumvi Haipandi Treni

Jumamosi, 5 Januari 2008
Gakuru wa stoo ya chumvi kule Kajiado amepiga simu. Chumvi hairuhusiwi kupanda treni! Mpaka vita hivi vya kura vitulie, mabehewa ni ya mafuta na unga pekee. Sawa, watu kwanza wapate chakula. Lakini ngozi za ng'ombe wa Krismasi zimejaa kwenye banda letu la ngozi, na bila chumvi zitaoza. Zikioza, banda limekwisha, mimi na mume wangu Maweu turudi kwetu Makueni mikono mitupu. Hata hivyo hapa Noonkopir tumelala salama — wangapi leo hawana hata mlango wa kufunga? Asante, Mungu.

Jumatatu, 7 Januari
Mume wangu na akili zake! Jana eti tupake magadi, kwani si nayo ni chumvi? Tukapaka ngozi mbili. Leo manyoya yametoka yote, kama kuku aliyetiwa maji moto. Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka machozi. Afadhali mbili kuliko zote. Nzi wameongezeka.

Jumanne, 8 Januari
Naisenya, jirani yetu Mmaasai, alileta maziwa kama kawaida, akasimama mlangoni, akashika pua. Nikamweleza.
"Mama Roy, kwani sisi tulikuwa na treni? Ngozi unawamba tu!"
Nikadhani ni maneno ya mdomo. Mchana akarudi na wake wenzake na majirani, kila mmoja na vigingi vyake. Wakatandaza ngozi uwanjani, wakavuta, wakapigilia, wakakwangua mafuta, huku wakinicheka vile ninavyoshika jiwe la kupigilia. Malipo hawakutaka. Chai tu, sukari nyingi! Nilisema ashe oleng, asante sana ya Kimaasai, mpaka wakaniambia ninyamaze.

Ijumaa, 11 Januari
Zinakauka. Harufu imepungua, moyo umetulia. Nilimwuliza Naisenya kwa nini walijisumbua hivi. Akasema kwao ngozi ni kitanda cha mtu. Mwanamke hawezi kuangalia kitanda kikioza. Kesho jua likiwaka tutazikunja.

Jumamosi, 12 Januari
Mvua! Wingu jeusi limetoka upande wa Ngong. Turubai letu limefunika ngozi chache tu. Nimeingia ndani kutafuta magunia, hakuna. Nimekaa naandika, kwani kingine cha kufunikia sina.
Kelele nje. Nachungulia — Naisenya na wenzake, wanakuja mbio. Turubai hawana. Wanavua shuka zao, wanafunika ngozi! Matone yameanza. Wamebaki na vinguo vyepesi, baridi inawapiga, na bado wanacheka. Mungu wangu, hawa watu! Leso yangu hii ya kiunoni — naifungua, natoka nayo —