Siku ya Nne Mkaguzi Hajala

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Kufulia.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa nimeketi kwenye kile kiti cha Mama chenye mguu mfupi, tulichokuwa tukikigombania. U hali gani huko? Kikohozi kimekuacha? Unakula? Usinijibu kwamba unakula tu, niambie ulikula nini. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mioyo bado haijakaa sawa. Ni wiki tatu tangu tumzike Mama, na nikichemsha chai bado natoa vikombe viwili.

Barua yako niliipata. Nimeikunja na kuikunjua mpaka inaanza kukatika. Katika nguo zote za Mama uliomba kitu kimoja tu, kile kitambaa chake cha kichwa cha kijani, na ukasisitiza nisikifue. Nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni siku ileile nikakitia kwenye boksi. Lilikuwa liende posta jana. Halikwenda, kwa sababu naogopa kutoka nyumbani.

Ni habari ya Mkaguzi. Wewe unamjua kwa picha tu, paka wa Mama, mweupe mwenye koti jeusi. Mama alimwokota nyuma ya mapipa ya sabuni akiwa hata kutembea hajui, akamlisha samaki wa kuchemsha kwa ncha ya kidole. Akamwita Mkaguzi kwa vile kila kitu lazima akinuse kwanza, kama mtu wa serikali aliyekuja kukagua jiko. Siku ya mwisho hospitali Mama hakuniachia wosia wa nyumba wala vyombo. Aliniambia, "Mkaguzi asilale na njaa. Ana maringo, lakini hana mtu."

Tangu Ijumaa hajala.

Ijumaa ndiyo siku niliyofua. Unanijua, nikiwa na huzuni mikono yangu hutafuta beseni. Nilifua mashuka ya Mama, blanketi, mto anaolalia paka, nikasugua sakafu, na kile kisahani chake chenye ufa nikakiloweka kwenye dawa ya madoa mpaka kikang'aa. Jioni nikamwekea samaki. Akaja, akanusa, akaondoka akitikisa mguu kama aliyekanyaga maji.

Baba Mdogo alipita na viatu vyake vya kushona begani, akacheka. "Huyo anadeka. Mwache siku mbili, ataramba hata gundi yangu." Nikamsikiliza. Nikamwacha Jumamosi na Jumapili. Jana nikampa maziwa, akanusa, akageuza uso. Nikanunua chakula cha paka cha kopo, akakipa mgongo. Leo asubuhi nilipomwinua alikuwa mwepesi kama taulo kavu.

Nimemfunga kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mtu mzima, anatibu zaidi ng'ombe. Alimtazama meno, ulimi na masikio, akambonyeza tumbo. Hana homa.

"Umebadilisha nini nyumbani?" akaniuliza.

"Hakuna, daktari. Samaki ni yuleyule, anakotoka ni kulekule."

Akaushika mkono wangu, akaunusa. "Kazi yako?"

"Dobi."

"Basi ndipo hapo. Paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Hata mimi nikinusa mkono huu njaa inaniisha." Alicheka kidogo, kisha akaacha nilipomweleza habari ya Mama na ile Ijumaa niliyofua. Alisema paka aliyezoeshwa chakula kimoja tangu utotoni hukiogopa kingine, tena huyu amefiwa, na mimi nimemfutia hata harufu ya nyumba. Nisimlazimishe, nisimsimamie. Samaki awe vuguvugu, awekwe mahali patulivu mbali na mchanga wake wa haja. Lakini siku nne ni nyingi, akasema, ini la paka halisubiri. Kama kesho asubuhi hajala, nimrudishe alishwe kwa mrija, na hapo hatoi ahadi.

Mwisho akaniuliza, "Una kitu cha marehemu ambacho hujakifua?"

Nikasema sina. Nilisema hivyo kwa sababu hicho kimoja ni chako.

Sasa nikueleze kinachonitetemesha. Mama naye alianza hivihivi. Alisema supu yangu inanuka dawa. Nikamwambia, "Mama, usideke, kunywa." Akanywa vijiko viwili ili kuniridhisha, na baada ya hapo hakunywa tena. Nilidhani ni maringo ya wagonjwa. Leo njiani nimekuwa nikinusa mikono yangu.

Nimekupigia simu mara tatu, haipatikani. Najua uko kazini. Boksi liko juu ya kabati, nalitazama. Mkaguzi yuko chini ya meza ya pasi, macho wazi, na kila baada ya mstari nainama kuangalia kama ubavu unapanda na kushuka. Naweka kalamu.

Naendelea, ni jioni.

Mdogo wangu, nimelifungua. Sikuweza kukusubiri. Nilinawa kwa maji matupu, nikajipaka mchuzi wa samaki mpaka kwenye viwiko. Kisahani nimekiacha. Nimetandika kitambaa chini ya meza ya pasi, samaki vuguvugu nikamweka kando yake juu ya karatasi aliyofungiwa sokoni. Kisha nikatoka, nikasimama uani nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kama mtoto anayejificha.

Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Niliogopa kuchungulia. Halafu nikasikia makucha kwenye kitambaa, akikikanda kama anavyokanda mtoto wa paka akinyonya. Halafu kimya. Halafu karatasi ikachakarika.

Amekula kipande kama kidole gumba. Akapumzika, akala kingine. Nimempigia daktari, amesema ni mwanzo, si ushindi, nimpe kidogokidogo na asubuhi nimpeleke vilevile. Kwa hiyo bado naogopa. Lakini anapumua akiwa amelala juu ya kitambaa, na mimi nililala sakafuni karibu naye nikakinusa pia. Harufu ya Mama ipo bado, mdogo wangu. Mafuta ya nywele, na joto la pasi. Nilidhani nimemfua Mama wote.

Kitakufikia kikiwa na manyoya, na kinanuka samaki. Nimekiharibu bila idhini yako, na nakuomba radhi. Akishapona nitakituma kilivyo. Kila kingine nilikifua, hicho sitakifua.

Baba Mdogo anakusalimu. Ameacha kucheka, amekaa mlangoni na viatu vyake na kila saa anauliza, "Amekula tena?" Shangazi anakusalimu pia, na yule jirani wetu fundi saa. Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi. Na ukisikia chakula hakina ladha, usiseme ni maringo. Nipigie, tule pamoja kwenye simu.

Wako akupendaye daima,

Dada yako.