Kamstari Juu ya Herufi

Nadine mjukuu wangu,

Huku Gitega tuko salama. Maharage yameiva, na mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini hao wazee wachache waliobaki wakizungumza lugha ya Kiudege, huko Urusi unakosomea, wanagombania kamstari ka kuvuta sauti juu ya herufi.

Nilipokuwa bibi arusi pale Giheta, nilimwandikia babu yako, aliyekuwa kazini Muyinga, kwa Kirundi: "Mfise inda." Yaani nina mimba. Lakini inda ni chawa pia. Maneno hayo mawili hutenganishwa na sauti tu, na karatasi haina sauti. Bwana yule akanitumia dawa ya chawa, na wembe wa kunyolea kichwa!

Waache wazee wagombane. Chawa yule ndiye mama yako.

Bibi yako, mwenye nywele zake zote