Seli za Marehemu Mama Yako

Daraja Mbili,
Arusha.
16 Julai 2025

Mpendwa Kauthar,

Marahaba, mwanangu, shikamoo yako imenifikia pamoja na barua. Hujambo huko Ujerumani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila baridi ya Julai imenikaa magotini, na Mlima Meru hatujauona tangu Jumapili.

Jambo uliloniuliza tulilikalia kikao Moshono, kwa mama yako mkubwa Faudhia, baada ya swala ya alasiri. Kumbe ulipompigia simu kaka yako Shamsudin na kumwambia kuwa seli zilizokuzwa kutoka kwenye kipande cha ngozi ya mama yako bado zi hai maabarani, yeye na Faudhia walielewa kwamba unaomba kumleta nyumbani. Kwetu hata kidole kilichokatwa huzikwa. Faudhia alikwisha kushona sanda ya shubiri moja, na Shamsudin alikwisha kuchimba kishimo pembeni ya kaburi la mama yako Tunu.

Shamsudin akauliza kama basi mirathi tuliigawa kabla ya wakati.

“Ulikula ubwabwa wa hitima yake sahani mbili,” Faudhia akamwambia, “leo ndiyo unauliza kama amekufa?”

Nikawaeleza nilivyokuelewa. Kwamba wewe na wenzako wa maabara mtazipasua seli, mtaondoa maganda na viini, na utomvu utakaobaki hautakuwa na uhai. Lakini ukipewa maelekezo ya protini fulani, pamoja na malighafi, utaitengeneza kwa saa chache ndani ya kichupa, bila mwili wowote. Kwamba mlijaribu kwa utomvu wa bakteria, na ile protini ya moyo yenye kasoro katika ukoo wetu haikujikunja sawasawa, ndiyo maana mnataka utomvu wa seli za mtu ili muichunguze. Moyo huo ulimchukua bibi yako, ukamchukua mama yako, na kwa watoto wa Shamsudin bado hatujui.

Faudhia akaniuliza kama Tunu ataumia. Nikasema hapana. Akaniuliza nimejuaje.

Kauthar, ni miaka hamsini na mitatu tangu niondoke Kondoa. Kaburi la baba yangu lilipitiwa na barabara. Faudhia hakumbuki; Tunu ndiye aliyekuwa amebaki ambaye ningeweza kumuuliza kisima chetu kiliitwaje. Nilitamani kusema uzilete, tuzike.

Tumekubaliana: zitumieni. Mama yako alitia sahihi mwenyewe kwamba ngozi yake itumike kwa utafiti, nasi hatutalitengua neno lake. Shimo limefukiwa.

Faudhia ana sharti moja, nami naliunga mkono. Utuambie mapema siku na saa mtakayozipasua, kwa saa za huku. Tutakuwa makaburini, na muda wote ambao utomvu utakuwa kazini, hatutaondoka.

Shamsudin na wanawe wanakusalimu, pia jirani yetu Penina, anayekuulizia kila Ijumaa. Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako siku hiyo.

Mjomba wako akupendaye daima,
Khalfani