Kodi ya Mirathi ya Baba

Jumatatu, 16 Machi
Mvua tangu alfajiri. Vipindi viwili vya hesabu, kidato cha pili. Saa tisa nikapita kwenye fremu za maduka za marehemu baba, nikapokea pango. Hela ya majani ya chai ya shamba letu la Kyimo nayo imeingia. Nimegawa yote leo leo: mama, wadogo zangu Ambakisye na Tumpe, na mimi. Sikubakiza kitu. Mwaka wa pili huu mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Wananisifu kwamba sikawii. Napenda kusifiwa.

Alhamisi, 19 Machi
Nimeitwa ofisi ya kodi. Awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia karani, binti mdogo tu, kwamba mirathi haina kitu. Mapato yote yamegawiwa, kila mrithi atajijua na kodi yake.
"Hapana, Mwalimu. Mirathi inalipa yenyewe kwanza. Kinachobaki ndicho mnagawana. Nilikueleza Januari."
Kweli alinieleza. Nikasaini kabisa kwamba nimeelezwa. Nilijiona najua kuliko yeye.

Jumamosi, 21 Machi
Kikao nyumbani kwa mama. Nikadanganya. Nikasema karani hakuwahi kunieleza, kanishtukiza tu, na hela ya kodi haipo. Tumpe fungu lake ameshalipia ada. Mama alinunua bati za kuezekea jiko.
"Basi mwanangu, ntaziludisha dukani."
Nilitakiwa kusema ukweli palepale. Nikanywa chai.

Jumatatu, 23 Machi
Ambakisye kaenda ofisi ya kodi kunitetea. Kamfokea yule binti mbele za watu. Binti akatoa karatasi yenye saini yangu.
Jioni Ambakisye kaja kwangu. Kasimama mlangoni analowa, hataki kuingia.
"Dada, nimemtukana mtoto wa watu bure. Kwa ajili yako."
Akaondoka. Mimi ni mwongo. Nafundisha watoto.

Jumatano, 25 Machi
Nimemwomba radhi karani, dirishani, foleni nzima ikisikia. Mmoja wao mzazi wa mwanafunzi wangu. Karani akanielekeza hesabu ya makadirio upya, polepole, kama ninavyomfundisha mtoto mzito. Nilistahili.
Nimeomba mkopo chama cha walimu. Kosa langu, nitalipa mimi. Nikampigia mama, nikamwambia yote, nikamsihi asirudishe bati.
"Nimeshaludisha, mwanangu."

Jumatatu, 30 Machi
Mkopo umetoka. Nimelipa awamu ya kwanza. Tumpe ametaka kuanzia sasa tusaini wote wawili, yeye na mimi, na kodi itengwe kabla ya mgawo. Nimekubali. Zamani ningenuna.
Ambakisye hapokei simu.

Jumamosi, 4 Aprili
Nimekwenda Masukulu kwa Ambakisye. Alikuwa anapalilia migomba. Nikasema yote, sikujitetea. Akaendelea na jembe lake. Mwisho akasema niwahi kuondoka, barabara itaharibika kwa mvua.
Sikuondoka. Nikakaa barazani.
Saa nane akanawa mikono. Mkewe akauliza atenge sahani ngapi.
"Moja," akasema. "Tutakula pamoja."
Tukala.